Ufunguo Usifungiwe Ndani: Usanifu wa Mtandao wa Usimamizi katika Wingu Binafsi Lenye Vituo Vingi

1. Utangulizi

Istilahi "wingu" imekwisha kuzoeleka katika mazungumzo kuhusu tarakilishi. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba data huelea angani pasipo makao. La hasha! Wingu la tarakilishi ni majumba yenye kuta, mitambo ya kupoza hewa, jenereta, nyaya na maelfu ya seva. Sitiari ya wingu ni tamu kwa mtumiaji, kwa kuwa inamwondolea haja ya kujua data yake imehifadhiwa wapi. Kwa mhandisi, hata hivyo, sitiari hiyo inaficha jambo la msingi: kila jumba lina mlango, na kila mlango una ufunguo wake.

Makala haya yananuia kueleza jinsi unavyosanifiwa mtandao ambao ndio ufunguo wenyewe, yaani mtandao wa usimamizi, katika wingu binafsi lenye vituo zaidi ya kimoja. Hoja yetu kuu ni hii: njia ya kuufikia mtambo ili kuutengeneza haipaswi kuutegemea mtambo huohuo. Waliosema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakuwa wakizungumzia seva, lakini maneno yao yanafaa kabisa hapa.

Huenda msomaji akauliza: suala hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Linamhusu kwa sababu mwundaji wa istilahi asiyekielewa kitu hukipa jina la kupotosha. Aidha, lugha inayodai nafasi katika ufundishaji wa sayansi haina budi kuthibitisha dai hilo kwa kufundisha sayansi yenyewe.

2. Ufafanuzi wa Dhana

Mnamo mwaka wa 2011, taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST ilichapisha fasili ya wingu ambayo ingali ikitumiwa sana. Kwa mujibu wa fasili hiyo, wingu binafsi ni lile linalotengwa kwa matumizi ya shirika moja tu, liwe linaendeshwa na shirika lenyewe au na mwingine kwa niaba yake. Chuo kikuu, benki au wizara inaweza kujijengea wingu la aina hii kwa kutumia programu huria kama vile OpenStack, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 na kampuni ya Rackspace pamoja na shirika la anga za juu la Marekani, NASA.

Wingu huenezwa katika vituo vingi ili moto, mafuriko au kukatika kwa umeme mahali pamoja kusiangamize huduma zote. Ndani ya kila kituo hupita mitandao ya aina tatu. Wa kwanza ni mtandao wa watumiaji, unaobeba maombi ya wateja na majibu yao. Wa pili ni mtandao wa hifadhi, ambao kwao seva husoma na kuandika data katika diski. Wa tatu ni mtandao wa usimamizi. Huu haumhudumii mteja moja kwa moja. Kwao wahandisi huwasha na kuzima seva, husakinisha programu, hubadilisha mipangilio ya ruta na swichi, na hupokea taarifa za hitilafu.

Usimamizi nao hupitia njia mbili. Ipo njia ya pamoja, ambapo amri za mhandisi husafiri katika nyaya zilezile zinazobeba data ya watumiaji. Ipo pia njia ya kando, yenye nyaya, swichi na kiungo chake cha nje. Seva nyingi za leo zina kidhibiti kidogo kilichopachikwa kwenye ubao mkuu. Kidhibiti hiki ni tarakilishi ndogo ndani ya tarakilishi kubwa, na hubaki macho hata seva yenyewe inapokuwa imezimwa, mradi umeme upo. Kanuni za kuwasiliana nacho, zijulikanazo kama IPMI, zilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1998. Kidhibiti hicho ndicho mkazi mkuu wa njia ya kando.

3. Visa Viwili vya Kutufunza

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kwa saa za Afrika Mashariki, huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Maelezo ya kampuni yenyewe yalionyesha kwamba wakati wa ukarabati wa kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa uti wa mgongo, yaani mtandao mkuu unaounganisha vituo vyake vya data. Amri hiyo ilikata viungo vyote vya uti huo. Programu iliyopaswa kuzuia amri za hatari ilikuwa na dosari, ikaiacha ipite. Seva za majina, yaani DNS, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zilijiondoa zenyewe katika ramani ya intaneti kama zilivyopangiwa kufanya.

Kisha likaja funzo lenyewe. Wahandisi hawakuweza kuvifikia vituo kwa njia ya kawaida, na mtandao wa njia ya kando nao haukupatikana. Zana za ndani ambazo wangezitumia kuchunguza tatizo zilitegemea DNS ileile iliyokwisha kutoweka. Ikabidi watu wapelekwe vituoni kwa miguu yao, katika majengo yaliyolindwa vikali ili mtu asiingie kwa urahisi wala asiweze kugeuza mitambo hovyo. Ulinzi uliokuwa sifa siku zote uligeuka kikwazo siku hiyo.

Kisa cha pili ni cha Kanada. Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya simu ya Rogers ilikuwa katika awamu ya sita ya kazi ya awamu saba ya kuboresha mtandao wake mkuu. Kichujio kimoja kiliondolewa katika ruta, na mafuriko ya taarifa za njia yakazilemea ruta kuu hadi zikaanguka. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa huduma, wengi wao wasiweze hata kupiga simu za dharura, huku malipo ya kadi za benki yakivurugika nchini humo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulibaini kwamba mtandao wa usimamizi ulitegemea mtandao mkuu uleule ulioanguka. Isitoshe, wafanyakazi walitegemea simu na intaneti ya kampuni yao kuwasiliana wao kwa wao, hata ikabidi wapelekewe kadi za simu za kampuni nyingine. Zilipita takriban saa 14 kabla ya chanzo kutambuliwa.

Katika visa vyote viwili, kosa la awali lilikuwa la kawaida. Binadamu hukosea, na programu hukosea pia. Kilicholirefusha janga ni kwamba ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba. Tena, aliyekosa njia ya kuomba msaada wa dharura kule Kanada hakuwa na habari yoyote kuhusu ruta. Usanifu mbaya wa kitu asichokiona ulimfikia mlangoni pake.

4. Kanuni za Usanifu

Kutokana na visa hivi, pamoja na mazoea ya wahandisi wa mitandao, tunaweza kubainisha kanuni sita.

Kwanza, njia ya kando iwe ya kando kwelikweli. Kuitenga kwa mipangilio tu ndani ya swichi zilezile hakutoshi, kwani swichi ikifa, njia zote mbili hufa pamoja. Kila kituo kiwe na swichi za usimamizi za pekee, umeme wa akiba, na kiungo cha nje kutoka kampuni tofauti na ile inayobeba data ya watumiaji. Hata modemu ya simu inatosha, kwa kuwa amri za usimamizi ni maandishi machache. Hata hivyo, kampuni mbili zinaweza kukodi kebo moja iliyozikwa katika mtaro mmoja. Kwa hivyo msanifu aulize mtaro unapita wapi, asiridhike na jina lililo kwenye ankara.

Pili, kila kituo kijitegemee. Ipo tamaa ya kuviunganisha vituo vyote vikawa kama ukumbi mmoja, ambamo kila kifaa husikia matangazo ya kila kifaa. Ukumbi wa namna hiyo hueneza ugonjwa. Kelele za kituo kimoja huvilemea vyote. Afadhali kila kituo kiwe na chumba chake, na vyumba viunganishwe kwa ruta zinazochuja kinachopita.

Tatu, mahitaji ya dharura yawepo papo hapo. Kila kituo kiwe na seva yake ya majina, saa yake ya kulinganishia muda, na nakala yake ya orodha ya watumiaji walioidhinishwa. Aidha, anwani za vifaa muhimu ziandikwe karatasini, na nywila ya dharura itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa kwenye sefu.

Nne, anwani zipangwe kwa utaratibu unaosomeka. Tangu mwaka wa 1996, anwani zinazoanza na 10 ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani. Tuchukulie chuo kikuu cha kubuni chenye vituo vitatu: Nairobi kiwe 1, Kisumu 2 na Mombasa 3. Nambari ya tatu ionyeshe kazi: 10 vidhibiti, 20 swichi na ruta, 30 seva za uendeshaji. Basi anwani 10.3.10.7 husomeka hivi: mtandao wa ndani, Mombasa, vidhibiti, kifaa cha saba. Mwanafunzi wa sarufi hatashangaa. Kama ambavyo kitenzi "walituandikia" huchanganuliwa kuwa wa-li-tu-andik-i-a na kila mofimu ikawa na nafasi na dhima yake, ndivyo anwani iliyopangwa vyema inavyojieleza yenyewe. Mhandisi aliyeamshwa usiku wa manane hana wakati wa kufumbua mafumbo.

Tano, idadi ya vituo vinavyofanya maamuzi iwe witiri. Kumbukumbu za wingu, yaani seva gani iko wapi na ni ya nani, huhifadhiwa katika nakala kadhaa, na mabadiliko hukubaliwa nakala nyingi zaidi ya nusu zinapoafikiana. Vikiwa viwili tu na kiungo kati yake kikakatika, ama vyote husimama, ama kila kimoja hujiona mkuu. Na mafahali wawili hawakai zizi moja. Vikiwa vitatu, viwili vinavyoonana huendelea na kazi. Umbali nao uzingatiwe. Mwanga husafiri katika nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi na Mombasa zikitenganishwa na kebo ya kilomita 500, kwenda na kurudi huchukua angalau milisekunde 5. Kila uamuzi unaosubiri kituo kingine hulipa kodi hiyo.

Sita, mlango uwe mmoja na ulindwe. Anayeingia katika mtandao wa usimamizi anaweza kuzima kila kitu. Kwa sababu hiyo, vidhibiti visionekane kamwe katika intaneti ya umma. Mhandisi apitie seva ya lango, athibitishwe kwa njia mbili tofauti, na kila amri yake iandikwe kwenye daftari la matukio. Lakini, kama kisa cha mwaka wa 2021 kinavyotukumbusha, ulinzi usifike mahali pa kumfungia nje mwenye nyumba. Bahasha ya kanuni ya tatu ndiyo suluhu ya mgongano huu.

5. Umuhimu wa Mazoezi

Usanifu usiojaribiwa ni dhana tu. Facebook ilikuwa na desturi ya kuigiza majanga ili kuwazoeza wahandisi wake, na desturi hiyo iliwasaidia kurejesha huduma kwa uangalifu. Hata hivyo, kampuni ilikiri kwamba haikuwahi kuigiza kukatika kwa uti wa mgongo wote kwa wakati mmoja. Janga likaja kupitia mlango ule usiofanyiwa mazoezi.

Chuo chetu cha kubuni kitenge siku moja kila muhula, wakati wa likizo, kiungo kikuu cha kituo kimoja kichomolewe kwa makusudi. Mhandisi aliye nje aambiwe aiwashe upya seva moja kwa njia ya kando pekee. Akishindwa, hiyo ni heri, kwa kuwa ameshindwa siku ambayo hakuna mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mtandao wa usimamizi si nyongeza ya kufikiriwa baada ya seva kununuliwa, bali ndio unaoamua kama hitilafu itadumu dakika kumi au siku nzima. Tumeonyesha pia kwamba mambo haya yanaelezeka kwa Kiswahili bila msamiati kuonekana kupwaya. Kwa wenzetu wanaounda istilahi, tunapendekeza "njia ya kando" izingatiwe, kwa kuwa jina hilo lenyewe linamkumbusha msanifu sharti lake: isipokuwa kando, haistahili jina.

Maswali ya Marudio

1. Tofautisha njia ya pamoja na njia ya kando katika usimamizi wa wingu.
2. "Ulinzi unaweza kugeuka kikwazo." Jadili kauli hii kwa kurejelea kisa cha mwaka wa 2021.
3. Ukifuata utaratibu uliotolewa katika makala, changanua anwani 10.2.20.15.
4. Tathmini ufaafu wa sitiari ya "wingu". Inafichua nini, na inaficha nini?