Kusomea Usimamizi wa Utalii Endelevu Chuo Kikuu: Mafunzo Kutoka Magofu ya Kilwa

Matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, familia nyingi wilayani Kilwa hukabiliwa na uamuzi mzito kwa muda mfupi: kijana asome nini, asome wapi, na kwa fedha ipi. Miongoni mwa fani zinazotajwa ni usimamizi wa utalii, na sababu yake inaeleweka. Ng'ambo ya mkondo wa bahari unaoitenga Kilwa Masoko na kisiwa cha Kilwa Kisiwani yapo magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara. Wageni wanakuja. Wengine hufika kwa meli za kitalii, hushushwa kwa boti ndogo, hutembea kwa saa chache, kisha huondoka. Mzazi anayewatazama wakipita hujiuliza iwapo mwanawe akisomea utalii atapata riziki katika msafara huo. Jibu hutegemea sana ni utalii wa namna gani kijana huyo atafundishwa kuusimamia.

Neno "endelevu" lilienea duniani baada ya ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland. Maana yake kwa ufupi ni kwamba kizazi cha leo kikidhi mahitaji yake bila kukinyima kizazi kijacho uwezo wa kukidhi ya kwake. Mvuvi anayekubali mwamba wa pweza ufungwe kwa miezi kadhaa ili pweza wakue analifahamu jambo hilo bila kusoma ripoti yoyote. Katika utalii, vyuo hulifundisha kwa kuangalia mambo manne kwa pamoja: namna eneo linavyoongozwa, namna wenyeji wanavyonufaika, namna utamaduni unavyolindwa na namna mazingira yanavyotunzwa. Kosa la kawaida ni kuchukua moja, hasa mazingira, na kuyaacha mengine matatu.

Kilwa Kisiwani ni darasa zuri la mambo hayo kwa sababu hasara yake inaonekana kwa macho. Mji huu ulitawala biashara ya dhahabu ya pwani hii, na Ibn Battuta aliyeutembelea mwaka 1331 aliusifu. Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, limesimama ukingoni mwa jabali juu ya bahari. Sehemu yake ya mashariki imekuwa ikipotea kidogo kidogo. Maji ya mvua huchukua udongo na kuziacha kuta zikining'inia ukingoni. Majani na miti iliyoota kwenye jabali hupunguza kasi ya mmomonyoko huo, lakini mizizi hiyo hiyo huingia kwenye mawe na kuyatenganisha. Anayekata miti yote anaharakisha kuporomoka kwa jabali, na anayeiacha yote anaupasua ukuta. Mwaka 2004 magofu haya yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, na yaliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na uimarishaji wa usimamizi. Miaka 10 ni muda mrefu. Meneja wa utalii asiyeielewa historia hiyo atafikiri kazi yake ni kuleta wageni tu.

Somo la kwanza ambalo mwanafunzi hukutana nalo ni uwezo wa eneo kupokea wageni. Watu wengi hudhani uwezo huo ni namba moja inayopatikana kwa kupima ukubwa wa uwanja. Sivyo. Mfano ufuatao ni wa darasani, na namba zake zimebuniwa kwa ajili ya kujifunza.

Chukulia kwamba msikiti wa kale unaweza kupokea kundi moja la watu 15 kwa wakati mmoja, na kila kundi hukaa humo nusu saa. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana ni saa 6, yaani makundi 12, sawa na wageni 180. Hapo mtu mwenye haraka angeandika 180 na kufunga daftari. Lakini waongoza watalii wenye leseni wapo 4, na mzunguko mzima wa kisiwa huchukua saa 3. Kila mmoja ataongoza makundi mawili kwa siku, jumla makundi 8, sawa na wageni 120. Kisha ziangaliwe boti. Zipo 3 zenye makoti ya kuokolea ya kutosha watu 12 kila moja, na kupwa kwa maji kunaruhusu kila boti safari moja tu ya kupeleka wageni kwa kila zamu. Kwa zamu mbili, boti hizo zitavusha wageni 72. Basi uwezo wa siku hiyo ni 72, kwa sababu namba ndogo ndiyo inayotawala nyingine zote.

Faida ya hesabu hii ni kwamba humwonyesha mtu pa kuweka fedha. Boti ya nne itapandisha idadi hadi 96, na ya tano hadi 120. Boti ya sita haitaongeza mgeni hata mmoja mpaka apatikane mwongoza watalii mwingine. Kikundi cha vijana kinachopanga kuomba mkopo wa halmashauri kwa ajili ya kununua boti kingenufaika kufanya hesabu ya namna hii kabla ya kujaza fomu.

Upo pia uwezo usiohesabika kwa vidole. Kilwa Kisiwani ni kijiji chenye watu, watoto, makaburi na misikiti inayosaliwa hadi leo. Mgeni anayeingia uani mwa mtu na kupiga picha bila kuomba ruhusa, au anayepita mbele ya wanaosali akiwa amevaa nguo za ufukweni, ameshapita kiwango hata kama siku hiyo yuko peke yake. Mwanafunzi hufundishwa kukubaliana na wenyeji juu ya dalili za kufuatiliwa: ufa ulioongezeka ukutani, njia iliyopanuka kwa kukanyagwa, malalamiko yaliyofika serikali ya kijiji. Picha ya ukuta mmoja inayopigwa kila mwaka kutoka sehemu ile ile hugharimu kidogo sana na husema mengi.

Somo la pili ni la fedha, na ndilo linalopaswa kuwagusa zaidi wakazi wa kata. Wataalamu huliita uvujaji wa mapato. Huu nao ni mfano wa darasani. Mgeni analipa kampuni ya mjini shilingi 300,000 kwa safari ya siku moja. Shilingi 120,000 zinakwenda kwenye gari na mafuta, 60,000 ni za kampuni, 50,000 ni viingilio na tozo za Serikali, 30,000 ni chakula kilichofungwa hotelini mjini, 25,000 ni za boti na 15,000 ni za mwongoza watalii wa hapa. Zilizoingia mikononi mwa watu wa kata ni 40,000, ambazo ni kama asilimia 13.

Sasa chakula hicho kipikwe kisiwani na kikundi cha akina mama. Kwa haraka inaonekana kata imepata 70,000. Lakini mchele, mafuta ya kupikia na maji ya chupa vimenunuliwa nje, tuseme kwa shilingi 10,000. Samaki, nazi, ndimu na nguvu kazi ni vya hapa. Kilichobaki ni 60,000, sawa na asilimia 20. Ongezeko hilo limepatikana bila kuongeza mgeni hata mmoja, bila kukanyaga ukuta mara moja zaidi, na bila boti mpya.

Kwa nini basi jambo hilo halifanyiki kila mahali? Si kwa sababu akina mama hawajui kupika. Kampuni inataka uhakika kwamba chakula kitakuwa tayari saa iliyopangwa hata meli ikichelewa, kwamba maji ni salama, kwamba choo kipo, na kwamba risiti itatolewa. Hayo ni mambo ya mkataba, ratiba, afya na hesabu. Hapo ndipo mhitimu mzuri wa usimamizi wa utalii anapokuwa na thamani kwa kata yake, na hapo ndipo mhitimu aliyekariri maana za maneno anapoonekana hana la kufanya.

Mfano halisi wa kuweka kiwango na kukisimamia upo Zanzibar, katika kisiwa kidogo cha Chumbe. Mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi ukazuiwa hapo, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi na waongozaji. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji hukingwa kutoka kwenye mapaa, umeme hutoka juani, na vyoo vyake havitumii maji bali hugeuza kinyesi kuwa mboji. Watoto wa shule nao hupelekwa kujifunza juu ya matumbawe. Chumbe hakina wakazi kama Kilwa Kisiwani, kwa hiyo si kila kitu kinaweza kunakiliwa. Linaloweza kunakiliwa ni ule uthabiti wa kukataa nyumba ya nane.

Kuhusu vyuo, jina la shahada lisimpotoshe mwombaji. Ni nadra neno "endelevu" kuandikwa kwenye cheti; hukaa ndani ya kozi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa shahada ya usimamizi wa utalii. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 mkoani Kilimanjaro, huelekea zaidi kwenye utalii wa wanyamapori. Mwanafunzi anayevutwa na magofu yenyewe afikirie akiolojia na usimamizi wa urithi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kiko karibu na utalii wa fukwe na visiwa. Kabla ya kuchagua, mwombaji asome orodha ya kozi na kutazama kama humo mna ikolojia, uhasibu, sheria, takwimu na mafunzo kwa vitendo. Programu isiyo na uhasibu itamfanya msimamizi anayetegemea wengine kumwambia kama kuna faida.

Kiwango cha chini cha jumla kwa anayetoka Kidato cha Sita ni ufaulu wa alama E au zaidi katika masomo mawili, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye stashahada inayohusiana na fani huhitaji wastani usiopungua 3.0. Vyuo huweza kuweka masharti ya juu zaidi au kutaja masomo maalumu, hivyo Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) usomwe wenyewe, si kusimuliwa. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni.

Si kila kijana anayependa utalii anahitaji shahada. Anayetaka kuongoza watalii anahitaji mafunzo yanayotambuliwa, leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na lugha. Astashahada au stashahada huweza kumfikisha hapo kwa muda mfupi na gharama ndogo, na Kifaransa au Kijerumani kilichosomwa vizuri huweza kumlipa mapema kuliko miaka mitatu ya chuo kikuu. Shahada inamfaa anayetaka kupanga, kusimamia, kutafiti au kuajiri wengine. Familia iliyo tayari kuuza shamba kwa ajili ya ada iyatenganishe mambo haya mawili kabla ya mnunuzi kufika.

Kwa wanaotegemea mkopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji hutakiwa kuhakikiwa na RITA, na fomu kusainiwa na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa. Uhakiki huchukua muda, na anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta cheti huchelewa. Mkopo ni deni: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize.

Mwanafunzi aliyekwisha kudahiliwa anaweza kuomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika wilaya yake kwa barua ya chuo kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kuhusu utafiti wa mwaka wa mwisho, hesabu za boti na za chakula zilizoelezwa hapa bado zinasubiri namba halisi, na namba hizo zipo kwa manahodha, kwa akina mama wapishi na kwenye daftari la wageni.