Mafunzo Niliyopata Nikichonga Gitaa la Jazi

Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ndiko Orville Gibson alikoanza kuchonga vifua vya mandolini na magitaa miaka ya 1890, akivipa mbinuko kama wa fidla. Mimi nilitoka Dar es Salaam nikiwa mpiga rizimu wa dansi, nikaingia katika karakana moja ya mji huo kujifunza ufundi. Mzee aliyenifundisha alikulia kiwandani. Alitengeneza kila aina ya gitaa, lakini moja alilipenda kupita yote: gitaa la jazi, lile nene lenye tumbo tupu, kifua cha kuchongwa na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Viwanda vikongwe vilivyolipa sifa vimelipunguza hadi karibu kuliacha kabisa, na kwangu hiyo ni hasara kubwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Lilizaliwa ili lisikike

Sisi wa dansi tumezoea kupiga rizimu kwa spika. Wapiga gitaa wa jazi wa miaka ya 1920 na 1930 walikuwa na mikono yao tu, na mbele yao tarumbeta, saksafoni na ngoma. Kifua kilichobinuka hubeba nyuzi nene zilizokazwa sana, na sauti yake hutoka kali na ya haraka, ikapenya kelele. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson walitoa gitaa la L-5, lililoendelezwa chini ya mhandisi wao Lloyd Loar. Mwaka 1934 wakatoa Super 400, yenye upana wa karibu sentimita 46, na jina lake lilitokana na bei yake ya dola 400. Kule Boston, Charles Stromberg na mwanawe Elmer walikwenda mbali zaidi, wakafikisha sentimita 48.

Mpiga gitaa Freddie Green aliingia bendi ya jazi ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo hadi alipofariki mwaka 1987. Solo hakuzijali. Kazi yake ilikuwa kukata mapigo manne, wimbo baada ya wimbo, kwa gitaa lisilo na umeme. Mpiga rizimu yeyote wa dansi angemwelewa mara moja. Ukimtoa, msikilizaji hatajua nini kimepungua, lakini miguu ya wachezaji itajua.

2. Umeme ulilipa ukubwa, kisha ukalinyang'anya kazi

Mwaka 1936 Gibson walitoa ES-150, gitaa la tumbo lenye pikapu ya kunasa sauti ya nyuzi. Mpiga gitaa Charlie Christian akalichukua, akaanza kupiga solo kama mpuliza saksafoni. Alifariki mwaka 1942 akiwa kijana wa miaka 25, lakini njia ilikuwa imeshafunguka.

Tatizo likaja palepale. Kifua chembamba kilichochongwa ili kitetemeke hutetemeshwa pia na sauti inayotoka kwenye spika. Mtetemo unarudi kwenye pikapu, unakwenda tena kwenye spika, na baada ya sekunde chache ukumbi mzima unasikia mluzi. Ndiyo maana ES-175 ya mwaka 1949 ilitengenezwa kwa plaiwudi: nafuu zaidi, ngumu zaidi, na haipigi mluzi haraka. Wengi huidharau plaiwudi hiyo. Mimi siidharau, maana mpiga jazi Joe Pass alijengea juu yake sauti ambayo bado tunaifuata. Lakini mara umeme ulipochukua jukumu la kutoa sauti, mtu mwenye hesabu zake angeuliza: tumbo la nini tena? Kampuni ya Fender ilijibu mwaka 1950 kwa gitaa la ubao mzima. Gibson wakafuata na Les Paul mwaka 1952, kisha mwaka 1958 wakaleta ES-335, yenye gogo katikati na uwazi pembeni. Leo mwanafunzi wa jazi hana sababu ya lazima ya kununua gitaa nene. Ed Bickert wa Kanada alipiga jazi laini kabisa kwa Telecaster, gitaa la ubao mzima la Fender, na John Scofield amejenga sauti yake juu ya gitaa la nusu tumbo.

3. Saa za mkono hazina pa kujificha kwenye hesabu ya kiwanda

Hili nililielewa kwa mikono kabla ya kulielewa kwa akili. Unaanza na vipande viwili vya sprusi vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja na kuunganishwa kwa gundi katikati. Unene wake pale kwenye kiungo ni karibu sentimita mbili na nusu. Unachonga nje kwanza hadi mbinuko utokee, kisha unageuza na kukomba ndani kwa patasi na randa ndogo ya shaba isiyozidi kidole gumba. Katikati unabakiza milimita sita hivi, na kuelekea ukingoni unapunguza zaidi. Sehemu kubwa ya ubao uliolipiwa ghali inaishia sakafuni.

Milimita ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Mzee alikuwa anashika kifua kwa vidole viwili pembeni, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Anakomba kidogo, anagonga tena. Anakunja kwa viganja kupima kinavyokubali. Kuna wakati aliweka taa upande wa pili na mwanga ukapenya ubao, mwekundu, ukaonyesha palipobaki pazito. Mashine ya kompyuta inaweza kuchonga umbo, na karakana nyingi nzuri huitumia. Ila kila ubao una ugumu wake, hata wa mti uleule, na anayeamua pa kuacha kukomba ni mtu.

Sasa mpelekee mhasibu habari hizo. Kwa muda wa kifua kimoja kama hicho, kiwanda kinaweza kukata miili kadhaa ya ubao mzima. Halafu gitaa la tumbo ni kubwa kulisafirisha, na kifua chake hupasuka hewa ikikauka majira ya baridi, kwa hiyo hurudi likidai kutengenezwa bure. Gibson walifunga kiwanda cha Kalamazoo mwaka 1984. Mwaka 2000 walifungua kingine Memphis kwa ajili ya magitaa ya tumbo na nusu tumbo, na kufikia 2019 hicho nacho kilikuwa kimefungwa. ES-175 ikatoka kwenye orodha ya kawaida karibu na wakati huo, baada ya miaka takriban sabini. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi Mei 2018. Haikufilisiwa na gitaa la jazi, lakini kampuni ikibanwa, bidhaa inayokula saa nyingi na kuuza chache huwa ya kwanza kupunguzwa.

4. Ujuzi huu hufa na mwenyewe

Charles na Elmer Stromberg walifariki mwaka mmoja, 1955, na karakana yao ikaishia hapo. John D'Angelico, aliyefungua duka lake mtaa wa Kenmare, New York, mwaka 1932, alitengeneza magitaa zaidi ya 1,100 kabla ya kufariki mwaka 1964 akiwa na miaka 59. Huyu aliacha mtu. Jimmy D'Aquisto aliingia dukani kama kijana wa kutumwa, akajifunza, akamalizia magitaa aliyoyaacha bwana wake, kisha akabuni yake mwenyewe yaliyovuka kila alichofundishwa. Naye alifariki mwaka 1995, akiwa na miaka 59 vilevile.

Tofauti ya Boston na New York ni kijana mmoja aliyefagia vumbi la mbao huku akitazama. Kiwanda kinaweza kuhifadhi michoro na vipimo vyote. Kitakapotaka kurudi, michoro itakuwepo, na mgongaji hatakuwepo.

5. Mbao ghali si siri

Bob Benedetto, mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hii, aliwahi kutengeneza gitaa la jazi kwa msonobari wenye vifundo, mbao za ujenzi wa nyumba. Likalia vizuri. Tangu nilipojua hilo, mteja akiniuliza kwanza aina ya mbao, namuuliza nani kaichonga.

6. Wakongwe wakitoka, wengine huingia

Kiwanda cha Kalamazoo kilipofungwa, baadhi ya wafanyakazi walikataa kuifuata Gibson Nashville. Mwaka 1985 walianzisha kampuni ya Heritage ndani ya jengo lilelile la mtaa wa Parsons. Kule Beijing, kampuni ya Eastman walianza na fidla, na wachongaji waliozoea vifua vya fidla walipopewa gitaa hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Wapo wanaosema gitaa la Kichina si la jazi. Nimeyafungua mengi kwenye meza yangu, na naona patasi imepita mle ndani kwa heshima.

Kwa anayetaka kununua, ninampa kioo kidogo na tochi. Pitisha mwanga kwenye tundu la f, utazame vile vibao viwili vinavyoshikilia kifua kwa ndani kama gundi haijaachia. Tazama kifua kwa ubavu, usawa wa jicho, uone kama kimeshuka chini ya daraja. Kisha weka amplifaya mbali, piga wazi nyuzi zote sita, na uweke kiganja mgongoni mwa gitaa. Lisipotetemeka, mrudishie mwenye duka.