Laini Uliyoiacha Ng'ambo ya Mpaka: Somo Kuhusu Nambari ya Simu na Usalama Wako

Sisi wakazi wa mipakani ni watu wa laini mbili. Mfanyabiashara wa Mutukula huwa na laini ya Uganda inayoanza kwa +256 na nyingine ya Tanzania inayoanza kwa +255, na wa Busia au Malaba vivyo hivyo kwa upande wa Kenya. Msimu wa biashara ukiisha, moja hutolewa kwenye simu ikawekwa ndani ya kopo au mkoba na kusahauliwa. Somo la toleo hili linahusu laini hiyo iliyosahauliwa.

Nitaanza na tukio lililonifunza mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika kituo kimoja cha mpakani, wanaume watatu walimleta mama mmoja muuza vitenge. Walidai kwamba mnunuzi wa mahindi aliondoka bila kuwamalizia malipo yao, na kwamba walipopiga nambari yake, aliyepokea ni mama huyo. Nambari ilikuwa ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Mama alieleza kwamba laini hiyo aliinunua kwa wakala majuma matatu tu yaliyopita. Hatukumsadiki. Alilala kituoni usiku ule, akiwa ameacha watoto nyumbani.

Taarifa za usajili zilipofika kutoka kampuni ya simu, zilionyesha kwamba mama alisema kweli. Mnunuzi wa mahindi alikuwa amerejea kwao ng'ambo ya mpaka, laini yake ikakaa kimya kwa miezi mingi, kampuni ikaifunga na kuiuza upya. Mama aliachiliwa. Kosa lilikuwa letu, na nilimwomba radhi mbele ya wale waliomleta.

Kabla hajaondoka, alinionyesha ujumbe uliokuwa ukiingia katika simu yake tangu ainunue laini ile. Palikuwa na nambari za uthibitisho za akaunti asizozijua. Palikuwa na taarifa za chama cha kuweka na kukopa. Palikuwa pia na ujumbe wa mtoto wa shule aliyemkumbusha babaye karo. Nikafikiri: lau laini hii ingeangukia mikononi mwa tapeli, angefanya nini nayo?

NAMBARI YA SIMU HUKODISHWA

Wengi wetu huamini kwamba laini tuliyoisajili kwa kitambulisho chetu ni mali yetu ya kudumu. Sivyo. Nambari zina kikomo. Mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi huzigawia kampuni mafungu ya nambari, nazo kampuni humpa mteja haki ya kutumia mojawapo. Laini isipotumika kwa muda uliowekwa, huzimwa. Nambari huwekwa kando kwa kipindi fulani, kisha hupewa mteja mwingine. Muda huo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya nchi na nchi.

Hapa ndipo penye manung'uniko ya haki. Kampuni hizo hizo hututumia ujumbe wa matangazo asubuhi na jioni bila kuchoka, ilhali sharti hili huandikwa kwa herufi ndogo ambazo mteja hazisomi. Na hata onyo likitumwa kwa laini inayokaribia kufungwa, litasomwa na nani, ikiwa laini yenyewe imo ndani ya kopo?

KWA NINI NI HATARI

Siku hizi nambari ya simu imekuwa ufunguo. Ukisahau neno la siri la Facebook, la barua pepe au la huduma nyingine, mtambo hutuma nambari ya uthibitisho kwa simu yako. Mtambo haujui sura yako. Unaitambua laini tu. Aliye na laini ndiye apokeaye ufunguo.

Hatari hii imepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichunguza nambari 259 zilizokuwa tayari kuuzwa kwa wateja wapya wa kampuni mbili kubwa za simu. Nambari 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za watu katika huduma mashuhuri za mtandaoni. Wenyewe walikuwa wameziacha nambari, lakini milango ilibaki ikizitambua.

Baadhi ya huduma zimejiwekea kinga. WhatsApp, kwa mfano, huchukulia kwamba nambari imepata mtu mwingine endapo akaunti haikutumika kwa siku 45 kisha ikafunguliwa kwenye simu nyingine. Hapo taarifa za akaunti ya zamani hufutwa. Mazungumzo yako ya zamani hayahamii kwa mgeni. Hata hivyo, ndugu na wateja wako bado wameihifadhi nambari hiyo kwa jina lako. Mgeni akiwaandikia kuomba fedha, watadhani ni wewe.

KABLA YA KUIACHA LAINI

Fanya mambo haya, moja baada ya jingine:

1. Andika kwenye karatasi kila mahali ulipoitumia nambari hiyo: benki, pesa za simu, chama cha akiba, shule ya mtoto, zahanati, mitandao ya kijamii, barua pepe.

2. Toa salio lote la pesa za simu, na ulipe mkopo wowote uliochukuliwa kupitia laini hiyo.

3. Badilisha nambari katika kila akaunti wakati laini ya zamani ingali hai, kwa sababu huduma nyingi hutuma uthibitisho kwake kwanza. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha nambari katika mipangilio ya akaunti. Kwa benki, nenda mwenyewe ukiwa na kitambulisho.

4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Katika WhatsApp utachagua nambari ya siri ya tarakimu sita. Mtu akiipata laini yako bila kuijua nambari hiyo, hataingia kwa urahisi.

5. Wajulishe jamaa, wateja na walimu kwa sauti yako mwenyewe kwamba nambari imebadilika.

6. Ikiwa ungali unaihitaji laini, usiiache ilale. Iulize kampuni ni matumizi gani yanayoihesabu kuwa hai, na uyafanye kabla muda haujaisha.

UKINUNUA LAINI MPYA

Nunua kwa wakala anayetambulika, kwa kitambulisho chako mwenyewe, na uhifadhi risiti yenye tarehe. Risiti kama hiyo ingemwepusha yule mama na usiku wa kituoni. Kamwe usimwazime mtu kitambulisho chako asajili laini. Aliye na laini ya Tanzania anaweza kupiga *106# kuhakiki usajili uliofanywa kwa kitambulisho chake.

Ukipokea nambari za uthibitisho za mtu usiyemjua, zifute. Anayemtafuta mwenye laini wa zamani, mjibu kwa upole kwamba nambari imebadilisha mikono. Kuzitumia nambari hizo kuingia katika akaunti ya mwingine ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011, na ng'ambo ya pili ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015. Kuvuka mpaka hakumwokoi mkosaji.

WAJIBU WETU SOTE

Kwa upande wa polisi, tukio lile lilinifunza kwamba nambari ya simu peke yake haimtaji mtu. Swali la kwanza liwe: laini hii ilikuwa mikononi mwa nani siku kosa lilipotendeka? Nanyi wananchi, mkiwa na malalamiko, leteni ujumbe, tarehe na risiti za malipo. Msimkamate wala kumpiga mtu kwa sababu tu simu yake imeita. Mnunuzi wa mahindi alipatikana baadaye akiwa mgonjwa nyumbani kwao, na deni akalilipa. Hakuwa mwizi, wala mama hakuwa mwizi.

Kwa upande wa kampuni, mteja anayo haki. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakuruhusu kudai taarifa zako zisahihishwe au zifutwe pale zisipostahili kuendelea kuwekwa. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Andika dai lako, ubaki na nakala.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MIKUTANO YETU

1. Nyumbani kwako kuna laini ngapi zisizotumika, na zimeunganishwa na huduma zipi?

2. Ukipoteza laini yako leo, ni nani atakayepokea ujumbe wa shule ya mtoto wako?

3. Mtu akiletwa mbele yenu kwa sababu ya nambari ya simu, mtamwuliza nini kabla ya kumhukumu?

Ndugu wasomaji, jioni ya leo fungueni makopo na mikoba. Itakayoonekana humo, ama irudisheni kazini, ama iageni kwa utaratibu.