SOMO: SUMAKU HAIZUNGUSHI MOTA BURE

Ndugu wananchi wa Buhinyuza na majirani wa ng'ambo ya mpaka,

Huenda mkaonyeshwa katika simu gurudumu lenye sumaku likizunguka lenyewe na taa ikiwaka, pasipo mafuta wala jua. Kisha muuzaji huomba malipo ya awali. Kabla hujauza mbuzi wako, zingatia yafuatayo.

Sumaku huvuta, lakini kuvuta pekee hakuzalishi umeme. Tazama baiskeli katika milima yetu: huteremka bila kukanyagwa, lakini ili iteremke tena, sharti isukumwe hadi juu. Ndivyo ilivyo sumaku: hulivuta gurudumu linapokaribia, na hulirudisha nyuma linapoondoka. Faida na hasara hulingana, na msuguano humaliza mwendo uliosalia.

Kila umeme una chanzo chake. Mto Ruvubu huungana na Akagera karibu na Rusumo, penye kituo cha megawati 80 kinachozihudumia Burundi, Rwanda na Tanzania. Hapo mitambo huzungushwa na maji. Maji yakikoma, nayo husimama.

Udanganyifu huu si mpya. Mwaka 1812, Charles Redheffer alionyesha mashine ya namna hiyo mjini Philadelphia, Marekani, na mwaka uliofuata akaonyesha nyingine New York, akitoza kiingilio. Mhandisi Robert Fulton aligundua kwamba mwendo wake haukuwa sawasawa. Alipobandua mbao za ukutani, alikuta kamba iliyofichwa ikielekea chumba cha juu, ambako mzee mmoja alikuwa akizungusha mpini. Siku hizi, mahali pa mzee huyo panaweza kukaliwa na betri ndogo iliyofichwa chini ya meza.

Kwa hiyo, ukiletewa mashine kama hiyo:

1. Uliza nini kinaingia ndani yake. Jibu likiwa "hakuna kitu", usinunue.
2. Omba ifunguliwe yote mbele ya fundi umeme unayemwamini.
3. Omba iwashe taa zako, nyumbani kwako, kwa siku kadhaa.
4. Usilipe chochote kabla ya hayo, hasa kwa mtu wa ng'ambo usiyejua makazi yake.

Ikiwa umekwisha kulipa, tunza ujumbe na stakabadhi za malipo, kisha utoe taarifa mapema kwa mkuu wa kilima au kituo cha polisi. Usione haya, ukimya wako humfungulia tapeli mlango wa jirani. Wala mtuhumiwa asipigwe: mkabidhini kwa polisi, ili sheria ifuate mkondo wake na fedha zenu zitafutwe.