Unga Tugawane, Dawa Tusigawane



Hapa makazini tumezoea kusaidiana. Mgao ukichelewa, mwenye unga humpimia jirani. Ni desturi njema, na wengi wetu tusingefika hapa bila hiyo. Lakini dawa za antibayotiki, kama amoksilini, hazigawanywi.

Tuchukue mfano. Mama amepewa amoksilini ya siku tano kwa mtoto mwenye nimonia. Siku ya tatu mtoto anacheza, naye mama anaficha vidonge vilivyobaki. Jirani akipata mafua, anampa. Amefanya kwa upendo, lakini wote wawili wako hatarini.

Kwa nini? Nimonia ya mtoto haijatibiwa kikamilifu, inaweza kurudi. Naye jirani hatapona kwa dawa hiyo, kwa maana mafua huletwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria tu. Mwilini mwake bakteria dhaifu watakufa, wenye nguvu watabaki na kuzaana. Huo ndio usugu wa dawa. Bakteria hao huambukiza wengine, hasa tunapoishi kwa kubanana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi pungufu tangu mwaka 1945. Mwaka 2019 usugu huo uliua watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Basi tufanye hivi:

1. Tusinunue antibayotiki bila kupimwa na kuandikiwa.
2. Tumeze dozi yote kama tulivyoelekezwa, hata tukipata nafuu. Dawa ikileta upele au uvimbe, turudi zahanati mara moja.
3. Tusiweke akiba. Dawa zikibaki, tuzirudishe zahanati.
4. Mtoto akiharisha, tumpe maji ya ORS na vidonge vya zinki. Akiharisha damu, au akipumua haraka haraka, tumpeleke zahanati bila kuchelewa.
5. Tunawe mikono kwa sabuni na kuwapeleka watoto chanjo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

(a) Je, kuna vidonge tulivyoficha? Vilikuwa vya nani, na kwa ugonjwa gani?
(b) Jirani akija usiku kuomba dawa, tutamjibuje?

Tusimfukuze. Tumsindikize zahanati, au tubaki na watoto wake ili yeye aende. Huo nao ni msaada, tena usiomdhuru mtu.