Mazoezi ya Kudumu kwa Kaya za Mwambao

Mazoezi huufaa mwili yanapoendelea mwaka hadi mwaka. Anayekimbia ufukweni wiki tatu za Januari kisha akaacha hubaki na faida ndogo ifikapo Machi. Ndiyo maana ratiba inayotekelezeka nyumbani huzidi zoezi zuri lisiloendelea.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Katika shughuli ya wastani mtu huhema, lakini bado anazungumza na mwenzake. Akitaka kuimba, pumzi haimtoshi. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, inatimiza kiwango cha chini.

Kazi nayo huhesabiwa. Mvuvi anayevuta nyavu au mama anayelima shamba huko Zinga, Bagamoyo, huenda ameshatimiza dakika zake. Mwenye duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda hawajatimiza. Dereva hurudi jioni hoi, kiuno kinauma na mikono imekakamaa kwa kushika usukani, hivyo hujiona amefanya kazi ya kutosha. Moyo wake, hata hivyo, haukwenda mbio siku nzima.

Mazoea hujengwa kwa kurudia jambo wakati uleule na mahali palepale. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 na kuona kwamba kwa kawaida jambo jipya lilichukua siku 66 hivi kuzoeleka, wengine siku 18 na wengine hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kinachosaidia ni kuliegemeza zoezi kwenye jambo ambalo tayari halikosi: baada ya sala ya Alfajiri, mtoto akishapelekwa shule, au duka likishafungwa.

Hapo ufukwe wa Bagamoyo una mtego wake. Maji huchelewa takribani dakika 50 kila siku, kwa hiyo mchanga uliokuwa wazi na mgumu saa kumi na mbili asubuhi waweza kufunikwa na maji wiki inayofuata, hasa siku za bamvu. Anayetegemea maji kupwa hubadilisha saa kila siku, na mazoea hayashiki. Afadhali saa ibaki ileile, na kuwe na njia ya pili ya nchi kavu, kama ile ya kwenda Kaole. Kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, mtembea kwa miguu akae upande unaomwezesha kuyaona magari yanayomjia.

Majira nayo yapangiwe mapema. Joto la kaskazi hulazimisha alfajiri au jioni. Mvua za masika huhamishia zoezi barazani: kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu ukutani, kupanda na kushuka ngazi. Mwezi wa Ramadhani, matembezi mepesi karibu na futari au baada ya tarawehe yanatosha. Ngoma pia ni zoezi halali: kuufuata mdundiko mtaani kwa nusu saa humtoa mtu jasho kuliko matembezi mengi.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku kama hiyo huhamasisha, lakini mara moja kwa mwezi haijengi mazoea. Majirani wawili wanaogongeana mlango kila asubuhi hufanya zaidi, na kwa wanawake wanaoogopa kutoka peke yao gizani, huenda hiyo ndiyo njia pekee.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo azungumze kwanza na mhudumu wa afya, aanze na dakika kumi, wala asiache dawa kwa kujiona ana nafuu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla ni dalili za kusimama mara moja na kwenda kituo cha afya.