Mauziano ya Nyumba na Utulivu wa Moyo

Ndugu mmoja wa Kimbiji, aliyeingia katika Jumuiya si zamani, alitujia na swali. Alisema: "Nimepatana na mtu kumwuzia nyumba yangu. Amenipa malipo ya kwanza, nami nimeyapeleka kwa mwenye shamba ninalotaka kulinunua. Huyo mnunuzi wangu naye anangoja nyumba ya kwao iliyoko Temeke iuzwe ndipo anikamilishie. Miezi inapita, mwenye shamba ananihimiza, na usingizi umenitoka. Juzi amekuja mtu mwingine mwenye fedha taslimu, tena anatoa zaidi. Je, nimkubalie huyu, kisha nimwombe Mungu anisamehe?"

Swali hili si la mtu mmoja. Kimbiji iko pwani, kusini ya Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kigamboni ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Temeke. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, safari ya kutoka mjini kwenda upande huo imekuwa nyepesi, na wengi wanatafuta ardhi huko. Lakini wengi wao hawana akiba. Mali yao ni nyumba ile ile wanayotaka kuiuza. Hivyo kila mmoja anamngoja mwenziwe, na akikwama mmoja wamekwama wote. Basi tutazame dini inatufundisha nini.

Ahadi ni deni

Kwanza tuliangalie neno la mwisho la ndugu yetu. Mtu anayepanga dhambi leo na toba kesho hajatubu. Kurani Tukufu inatusimulia kwamba ndugu zake Yusufu a.s. walishauriana kumwondoa mdogo wao, kisha baadaye wawe watu wema (12:10). Wema wa namna hiyo uliwaletea majuto ya miaka mingi.

Mwanzoni mwa sura Al-Maida waaminio wanaamriwa kutimiza mapatano yao (5:2), wala hawakuambiwa wayatimize pale tu yanapowaletea faida. Naye Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza mtu kuingilia biashara ambayo nduguye amekwisha ifunga. Kwa hiyo, maadamu mapatano ya kwanza yangali yanasimama, jibu la mwenye fedha taslimu ni moja tu: nyumba hii ina mwenyewe.

Pengine mtu atasema kwamba jambo hili ni gumu. Naam, ni gumu. Katika mwaka wa 6 Hijriya, pale Hudaibiya, mapatano na Makureshi yalikuwa hayajamaliza kuandikwa, mara akatokea Abu Jandal r.a., Mwislamu aliyefungwa pingu na jamaa zake, akiomba kuokolewa. Mtume s.a.w. alimrudisha kwa sababu ya neno alilokwisha litoa, akamwambia avumilie, kwani Mungu atamfungulia njia. Na njia ilifunguka: baadaye Makureshi wenyewe waliomba sharti lile lifutwe. Ikiwa ahadi ilitimizwa kwa maadui, tena kwa uchungu namna ile, je, sisi tutaivunja kwa ajili ya nyongeza ya bei?

Andikeni, ulizeni

Lakini Uislamu haumwamuru muumini angoje bila mwisho. Kurani Tukufu inafundisha kwamba deni la muda liandikwe, kwa mwandishi mwadilifu na mbele ya mashahidi, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa (2:283). Tulipomwuliza ndugu yetu juu ya hati yake, alituonyesha kikaratasi chenye kiasi cha fedha tu. Tarehe ya mwisho haikuwamo. Hapo ndipo usingizi ulipopotelea.

Tulimshauri afuatane na mnunuzi wake mpaka Temeke wakaone kizuizi ni nini. Wakakuta kwamba nyumba ile ilikuwa ya marehemu, na warithi walikuwa hawajakwenda mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi. Bila ya msimamizi, nani angetia sahihi? Kumbe hapakuwa na mwongo. Watu watatu walikuwa wakidhaniana vibaya kwa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Basi, kabla ya kupokea au kutoa fedha, uliza: mwenye mali hasa ni nani? Mirathi imekamilika? Mume au mke ameridhia? Kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wao kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Majirani wanaikubali mipaka? Ofisi ya ardhi inasemaje? Kisha andikeni siku ya mwisho, na fedha iliyotangulia itakuwaje siku hiyo ikipita.

Dawa ya wasiwasi

Abu Umama r.a. alikutwa msikitini si wakati wa sala, amelemewa na huzuni na madeni. Mtume s.a.w. alimfundisha kuomba asubuhi na jioni kujikinga kwa Mungu na wasiwasi na huzuni, na kushindwa na uvivu, na woga na ubahili, na uzito wa deni. Tazama jinsi wasiwasi na uvivu vilivyotajwa katika dua moja! Anayeomba hivyo huinuka kwenye mswala akaenda kufanya linalompasa. Ndiyo maana ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alitangaza masharti kumi ya baiat mwaka 1889. Katika sharti la tano mwenye kuingia anaahidi kuwa mwaminifu kwa Mungu katika raha na dhiki, na kuwa radhi na hukumu Yake. Ahadi hiyo hupimwa penye hesabu za fedha kama inavyopimwa msikitini.

Ndugu yetu alimrudisha mnunuzi wa pili. Mwenye shamba hakungoja. Muda waliopatana ulikuwa umepita, naye alikuwa na haki yake. Alirudisha fedha, akamwuzia mwingine. Hasara hiyo hatuifichi. Ila msimamizi wa mirathi amekwisha teuliwa, hati mpya ina tarehe, na ndugu yetu anasema kwamba sasa analala.

Mwenyezi Mungu atujalie ukweli katika biashara zetu na utulivu katika mioyo yetu. Amin.